Rugaya wa Sanggar na Mchele wa Bintiye

Wasikilizaji wapendwa, salamu ziwafikie popote mlipo. Ninyi wa Kore, ninyi wa Dompu na Bima, na ninyi mlio baharini na redio zenu za betri. Leo sikufungua kipindi kwa muziki. Jamaa wa Bi Jauhara wameniomba nisipige muziki, nami nimewaheshimu.

Ijumaa iliyopita tulimzika Bi Jauhara hapa Kore. Alikuwa na miaka tisini na miwili. Wengi wenu mlimfahamu. Ni yule aliyekuwa akiuza asali karibu na msikiti, na ukimpunja neno naye anakupunja asali.

Lakini Bi Jauhara mwenyewe alinikataza kumzungumzia. Nilipomtembelea na kinasa sauti changu mwaka juzi, aliniambia hivi: "Nikifa, usije ukaniimbia huko redioni. Mimi nimezaa, nimekula, nimelala. Msimulie Rugaya."

Basi leo, wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Rugaya. Rugaya, mwosha maiti wa Sanggar. Rugaya aliyekuwa hai siku Mlima Tambora ulipopasuka, mwaka elfu moja mia nane na kumi na tano. Habari zake alimwambia mjukuu wake wa kike. Mjukuu huyo akamwambia binti yake. Na binti huyo ndiye bibi aliyemlea Jauhara. Kwa hiyo ninayowasimulia yamepita katika vinywa vinne tu, navyo vyote ni vya wanawake wa nyumba moja.

Rugaya alizaliwa hapahapa Sanggar, ambamo Kore yetu imo, enzi za ufalme wetu mdogo. Kazi ya kuosha maiti aliirithi kwa mama yake. Alianza akiwa msichana, kwa kushika chombo cha maji. Kufika miaka ishirini, hakuna mwanamke aliyefariki Sanggar asipitie mikononi mwake. Alikuwa na mkono mwepesi. Walisema alikuwa akiongea na maiti kwa upole, kama mtu anayemwogesha mtoto asiyependa maji. "Inua kidogo, dada. Tunamaliza sasa hivi."

Watu wa rika lake walikuwa wakimkwepa. Mwanamume aliyemposa aliitwa Bako, mfuga farasi. Wenzake walimcheka sana.

"We Bako, utalalaje na mikono inayoshika wafu?"

"Mikono hiyo angalau imenawa," Bako akawajibu. "Ya wake zenu mmeichunguza?"

Wakaoana. Walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza binti, Saoda. Wa pili mvulana, Mansuri. Mlima ulipopasuka Saoda alikuwa na miaka kumi, na Mansuri miaka sita. Bako alikuwa na farasi kumi na mmoja, na kipande cha shamba la mpunga chini karibu na bahari. Hawakuwa matajiri, lakini hawakulala njaa.

Wasikilizaji wapendwa, mlima wetu tunaufahamu. Tunauona kila asubuhi tukifungua dirisha. Kwa hiyo sitauelezea. Nitasema tu kwamba wakati ule ulikuwa mrefu zaidi ya ulivyo leo, mrefu sana, na kwamba watu waliishi miguuni pake pande zote, na wengi wao hatuna hata majina yao.

Tarehe tano Aprili ilisikika mizinga. Ndivyo walivyodhani, mizinga. Bako alikuja mbio kutoka malishoni. "Maharamia! Maharamia wako ng'ambo ya rasi!" Akawachukua watoto wakajificha vichakani mpaka jioni. Hawakuona chombo wala haramia. Wakarudi nyumbani wakichekana. Saoda alimwiga baba yake wiki nzima. Kila mlango ukigongwa, yeye huyo, "Maharamia! Maharamia!"

Siku tano baadaye, tarehe kumi, hakuna aliyecheka. Moto ulitoka mlimani jioni, jua likizama, nguzo tatu za moto, zikakutana juu angani. Kisha mawe yakaanza kuanguka, mengine makubwa kama ngumi mbili. Kisha ukaja upepo wa kimbunga. Upepo ule uling'oa miti na mizizi yake. Ulibeba mapaa ya nyumba. Ulibeba farasi. Bi Jauhara alikuwa akilieleza hili kwa mkono mmoja tu, anauinua taratibu kutoka gotini mpaka juu ya kichwa. Farasi wa Bako, mmoja baada ya mwingine, walikwenda juu. Bahari nayo ikapanda ikaingia mashambani, ikaufunika mpunga kwa chumvi.

Rugaya na Bako walilala kifudifudi kwenye mtaro nyuma ya nyumba, watoto chini yao. Nyumba ikaondoka. Wao wakabaki.

Halafu giza. Giza la siku tatu, mchana na usiku hakuna tofauti. Mwanga uliporudi, Sanggar yote ilikuwa ya rangi moja, kijivu. Majivu yalifika magotini. Mito iliziba. Visima vilinuka kibiriti. Mpunga hakuna. Farasi hakuna. Kwetu Sanggar upepo uliua watu, lakini waliouawa na upepo walikuwa wachache. Narudia, wachache. Waliobaki ndio waliokufa wengi, baada ya hapo, kwa njaa na kwa kuhara.

Hapo ndipo kazi ya Rugaya ilipokuwa kazi.

Siku ya kwanza aliosha maiti wawili. Siku ya nne, tisa. Maji safi yalikuwa yakitoka katika chemchemi moja tu ya mbali, yakiletwa kwa mianzi, na kila tone lilikuwa la walio hai. Ukimwosha aliyekufa kwa maji yale, unamnyima mtoto anayekufa. Rugaya akaenda kwa Lebe. Lebe ndiyo jina tunalomwita imamu wetu mpaka leo. Lebe wa wakati huo alikuwa mzee mkali, naye mwenyewe alikuwa amezika wake wawili wiki ile.

"Lebe," Rugaya akamwambia, "sina maji. Nataka nitumie tayamamu."

"Tayamamu ni kwa udongo. Udongo uko wapi?"

"Uko chini. Siufikii. Nina hiki tu." Akafungua kiganja, majivu.

"Majivu si udongo, mwanangu. Majivu ni kuni zilizoungua. Hayasafishi."

"Nani aliyechoma kuni hapa, Lebe? Huu ni mlima. Huu ni mlima uliosagwa. Jana ulikuwa ardhi tunaikanyaga, leo umetuangukia kichwani. Lini uliacha kuwa ardhi?"

Lebe akainama. Alichota majivu kidogo, akayaweka ulimini. Akatema. 

"Ni machungu," akasema. "Lakini ni ardhi. Watayamamishe. Nikikosea, dhambi ni yangu."

Kuanzia siku hiyo Rugaya akawasafisha watu wa Sanggar kwa vumbi la mlima uliowaua. Wanawake kwa wanaume, maana mwosha wa wanaume naye alikwisha kufa, na Lebe alisema dharura ni dharura. Sanda hazikuwepo. Aliwafunga kwa misuli yao wenyewe, nguo walizojifunga kiunoni, na misuli ilipokwisha, kwa majani ya mgomba yaliyokauka. Waliofia njiani hawakupata hata hayo. Watoto waliobaki na nguvu ya kutania walikuwa wakimwona kwa mbali wanasema, "Mwosha huoshwa! Mwosha huoshwa!" Yeye anawajibu, "Naam, lakini leo si zamu yangu. Nendeni mkatafute kiini cha mnazi."

Maana hicho ndicho kilicholiwa. Viini vya minazi. Mashina ya mipapai. Mashina ya migomba. Mansuri, yule mdogo, akavimba miguu. Wasikilizaji wapendwa, mnajua miguu ya mtoto ikivimba kwa njaa maana yake nini. Rugaya alijua kuliko wote. Alikuwa akiwaosha watoto wa namna hiyo kila siku.

Mwezi wa pili baada ya mlima kupasuka, chombo kikatia nanga. Kilitoka Makassar, na kilikuwa na mchele.

Nahodha wake hakutaka asali wala nta, na hata angetaka, nyuki walikuwa wamekufa. Alitaka watu. Vijana, wenye nguvu ya kukua. Magunia mawili kwa mtu mmoja. Wengi walikubali, na msiwahukumu kabla sijamaliza. Wengine walijitoa wenyewe, wanapiga foleni ufukoni, wanaonyesha meno.

Bako alijitoa wa kwanza. Nahodha akasikiliza kifua chake kwa sikio, akasikia kikohozi cha majivu. "Huyu hafiki."

Rugaya akaja mbele. "Nichukue mimi."

"Una miaka mingapi, mama?"

"Thelathini na nne."

"Unaonekana hamsini. Hapana." Halafu akamtazama Saoda aliyekuwa amesimama nyuma yao, kambeba Mansuri mgongoni. "Huyo je?"

Wakarudi nyumbani bila kumjibu. Nyumbani, yaani kibanda cha makuti walichojenga juu ya majivu. Wakagombana mbele ya watoto, maana hapakuwa na chumba kingine.

"Simtoi," akasema Bako. "Tufe wote. Tukifa wote hakuna wa kulaumiwa."

"Baba Saoda, mimi ndiye ninayewaosha. Wewe unasema tufe kama mtu anayesema tulale. Hujawaona."

"Wewe ni mama au ni jiwe?"

"Kesho kutwa nitamwosha Mansuri. Umesikia? Kesho kutwa. Halafu Saoda. Huko aendako watu wanakula."

Saoda akawakatiza, "Huko Makassar wana ndizi?"

Akajijibu mwenyewe. "Watakuwa nazo. Nitakwenda."

Alikwenda asubuhi. Rugaya alimsuka nywele, akamfunga msuli wake mwenyewe aliokuwa ameufuma, wa mwisho. Ufukoni, Bako aliyapokea magunia kwa mabaharia, akayabeba moja moja hadi nchi kavu kupitia mawe mepesi yaliyokuwa yakielea juu ya maji mpaka upeo wa macho. Chombo kikaondoka. Saoda alikuwa na miaka kumi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nafika mahali ambapo nilitaka kukata. Nilimwambia Bi Jauhara, bibi, hapa labda niruke. Akanishika mkono akaubana. "Hapo usikate, mwanangu. Watu wote hukata hapo."

Kwa hiyo sikati.

Jioni ile Rugaya alipika wali. Mansuri akala, akalala, akaamka akala tena. Bako alisema ameshiba. Alisema hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Hakuugusa mchele ule hata punje. Aliendelea na mashina yake ya mipapai, akakohoa, na baada ya siku kumi na saba akafa. Rugaya akamtayamamisha mumewe kwa mikono yake. Sanggar nzima ilimsifu Bako. Walisema, huyo ndiye baba. Alikataa kula bei ya mwanawe.

Rugaya alikula. Na mjukuu wake alipomuuliza, miaka mingi baadaye, bibi ulijisikiaje, Rugaya alimjibu, nami nayarudia maneno yake kama yalivyonifikia: "Ulikuwa mtamu. Nilitaka uwe mchungu, lakini ulikuwa mtamu. Nililamba kidole."

Ulikuwa mtamu. Neno hilo alilibeba peke yake. Kisimani wanawake walimpisha njia. Waliacha kumwita Mama Saoda. Wakamwita Mama Mansuri, kama kwamba wa kwanza hakuzaliwa. Lakini maiti walipotokea, walimwita usiku na mchana, naye alikwenda. Aliwaosha waliompisha njia, mmoja mmoja. Na mvua ziliporudi na maji yakapatikana, aliwaosha kwa maji.

Mwaka uliofuata, wasomi wanasema, mlima wetu ulizima majira ya joto huko Ulaya. Mavuno yaliozea mashambani, watu wa huko nao wakala majani. Hawakujua kwa nini. Sisi tulijua, lakini hakuna aliyetuuliza.

Mansuri akakua. Akawa mfuga farasi kama baba yake. Akaoa. Na mwaka wa ishirini na mbili tangu mlima upasuke, chombo kingine kikatia nanga, kuja kununua farasi. Ndani yake alikuwamo bibi mmoja mfanyabiashara wa Makassar, na pamoja naye mjakazi wake, mwanamke wa miaka thelathini na miwili. Mjakazi huyo aliomba ruhusa ashuke. Akaenda moja kwa moja mpaka msikitini, akauliza kwa lugha iliyomkauka kinywani, "Mwosha yuko wapi?"

Watu wakadhani ana msiba. Wakampeleka.

Rugaya alikuwa akipepeta mahindi mlangoni. Alimtazama yule mwanamke kuanzia miguuni, kama alivyozoea kuwatazama watu. Akaweka ungo chini.

"Saoda."

"Mama."

Hawakukumbatiana. Mansuri aliyekuwa pale alisema walikaa kama wageni wawili kwenye benchi moja. Akaletewa maji, akanywa. Ndipo Saoda akauliza jambo alilokuwa amelibeba miaka ishirini na miwili.

"Ule mchele. Baba aliteleza. Nilikuwa natazama kutoka kwenye chombo. Niliona gunia likiingia majini. Mliuokoa?"

"Tuliuokoa."

"Haukuharibika kwa chumvi?"

"Uliolowa tuliuanika. Nao tuliula."

Saoda akapumua. "Baba yuko wapi?"

Rugaya angeweza kudanganya. Mansuri alimkonyeza adanganye. Hakudanganya. "Baba yako alikufa mwezi uleule. Hakula. Aliona vibaya kuula."

Saoda alisimama. Sauti yake ilisikika mpaka nyumba ya tatu. "Hakula? Mimi nimefagia nyumba ya watu miaka ishirini na miwili, yeye hakula? Mimi nilikwenda ili nani ashibe? Aliukataa mchele *wangu*?"

"Alikupenda, Saoda."

"Angekula basi! Angenipenda kwa kula!"

Kisha akamgeukia mama yake, na sasa alisema polepole, kama mtu anayeogopa jibu. "Na wewe?"

"Nilikula."

"Ulikuwa mtamu?"

Wasikilizaji wapendwa, mwanamke yule alikuwa ameambiwa kwa miaka ishirini na miwili, kwa macho na kwa vinywa, kwamba jibu la swali hilo ni aibu. Akamtazama bintiye.

"Ulikuwa mtamu, mwanangu. Sijapata kula kitu kitamu kama kile."

"Alhamdulillahi," akasema Saoda. Akaketi chini, akalaza kichwa mapajani pa mama yake, na ndipo akalia.

Alikaa siku tatu. Siku tatu tu, mpaka farasi walipokwisha kupakiwa. Mansuri alitaka kumficha. Alikuwa tayari kwa mapanga. Saoda akakataa. Alikuwa na watoto wawili Makassar katika nyumba ya bibi yule mfanyabiashara, na kama asingerudi, wangebaki peke yao. "Siwezi kuwaacha," alimwambia mdogo wake yule, ambaye zamani yeye alimbeba mgongoni. "Wewe unajua hilo kuliko wote."

Rugaya alimsindikiza mpaka ufukoni. Mara ya pili. Safari hii hapakuwa na magunia. Walipoagana, Saoda alimwambia mbele za watu, kwa sauti, na akamwita kwa jina ambalo Sanggar ilikuwa imelisahau: "Kwaheri, Mama Saoda." Wanawake waliokuwa pale waliangalia mchanga.

Hakurudi tena. Habari zake hazikuja tena. Rugaya aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, akiosha wafu mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, kisha akawafundisha wengine. Alikufa mchana, akiwa usingizini, nyumbani kwa Mansuri.

Kaburi lake liko hapa Kore. La Bako liko hapa Kore. La Mansuri pia, na tangu Ijumaa, la Bi Jauhara. La Saoda hatujui liko wapi.

Makiwa, jamaa wa Bi Jauhara. Makiwa, watoto, wajukuu na vitukuu. Mmefiwa na mama, na sisi sote tumefiwa na mtu aliyekataa tukate. Mola amrehemu, awape subira, na wale waliomtangulia awakutanishe kwa wema.

Nasi tulio hai tujiulize, kila mmoja na nafsi yake: tumeshiba kwa sababu ya nani? Na huyo mtu, tumewahi kumwambia? Msinijibu mimi.

Kabla sijaondoka hewani, ninalo ombi la familia, nami nalisoma kama walivyoliandika. Kama unatusikiliza ukiwa Makassar, au una ndugu huko, na kwenu kuna bibi wa kale aliyeitwa Saoda, aliyekuja kwa chombo akiwa mtoto baada ya mlima kupasuka, tafadhali njoo, au tuma salamu. Mtakuwa uzao wa watoto wake wawili au zaidi, na sisi tuko wengi sasa. Nyumba ni ya tatu kutoka msikitini, Kore. Matanga hayajaanuliwa. Chakula kipo.